Yai la Moto Nililompa Tutaona

Zaituni mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi vinne, ukamalizia na chai ya mama yako, kisha ukatutangazia kwamba safari imekuondolea hamu ya kula. Kwa hiyo salamu tuziruke.

Naandika mchana huu mkiwa mmeenda Mwankoko na mama yako kumuaga shangazi. Nimechana karatasi za katikati kwenye daftari langu la kuku, na mwandiko wangu unaujua, vumilia. Kesho unapanda basi kwenda kwenye hiyo kambi ya mbwa wa kunusa. Mambo ya nguo za baridi, simu isikae mfuko wa nyuma, vyakula vya dirishani usinunue, hayo mama yako ameshayasema mpaka mimi mwenyewe nimeyakariri. Sirudii hata moja. Mimi nina jambo langu, na nimelikwepa miaka minane.

Jumatatu ulikuwa umesimama pale nje na Rajabu fundi baiskeli. Analalamika kwamba mbwa wake anakula mayai. Nami nilikuwa chini ya upenu nafunga kuku miguu. Nikakusikia unamjibu hivi: “Mimi kumpiga mbwa sikubali, kaka Rajabu, unajua. Lakini yai la moto linafanya kazi. Baba alimpa Tuta mara moja tu, na hakurudia tena.”

Nilipaswa kuinuka pale pale. Sikuinuka. Niliendelea kufunga kuku, na yule niliyekuwa naye mkononi nikamkaza kamba mpaka mama yako akaniuliza kuku kanikosea nini.

Zaituni, yai lile halikufanya kazi. Tuta, huyo Tutaona wetu, hakuwa mwizi. Nilikuja kulijua hilo siku ya pili baada ya kumchoma mdomo, na nikanyamaza. Wewe ambaye hujawahi kumpandishia mbwa mkono umebaki na jambo moja la ukatili unaloliamini, na unaliamini kwa sababu yangu. Kesho kutwa utakuwa kambini, utakabidhiwa mbwa, na siku moja mtu atakuuliza. Naogopa ukimaliza kusoma hapa utaniangalia kwa jicho jingine. Lakini naogopa zaidi ukienda kuwafundisha wenzako yai la moto na kusema umelitoa kwa baba yako.

Nianze alikotoka. Nilikuwa nimeenda kununua kuku vijijini upande wa Nduguti, na mzee mwenye kuku akanipa mtoto wa mbwa kama nyongeza. Alisafiri ndani ya tenga pamoja na majogoo, akafika hapa Issuna pua imedonolewa na hasira zake zote zimekwisha. Ulikuwa na miaka tisa. Ulimtoa kwenye tenga, ukamnusa kichwani, ukasema ananuka nyumbani. Mpaka leo sijajua nyumbani kunanukaje.

Jina nilimpa mimi, na jina lile lilikuwa la ugomvi. Unajua desturi yetu: mtu akikwaruzana na jirani hamtukani, anamtafutia mbwa wake jina la kumsuta. Mimi na Mzee Ntandu tulikuwa tunavutana mpaka wa shamba la alizeti, basi nikamwita mbwa Tutaona. Kila jioni nasimama mpakani naita, “Tutaona! Tutaona we!” na mbwa mwenyewe amelala miguuni pangu. Mzee Ntandu naye akamgeuzia wake jina, akamwita Shauri Yenu. Tuliitana hivyo msimu mzima, wazee wazima wenye wajukuu karibu, na mbwa wenyewe wanacheza pamoja kwenye huo mpaka.

Wewe ukasema jina ni refu mno, mbwa anachoka kabla halijaisha. Ukakata, ukamwita Tuta. Siku moja Mzee Ntandu akakusikia, akauliza, “Huyu sasa kawa tuta la viazi?” Akacheka, na mimi nikacheka bila kutaka, na mwezi haukwisha tukapima mpaka kwa hatua tukamaliza. Sijawahi kukushukuru kwa hilo. Asante.

Kumfundisha mbwa nilikuwa najua kama wanavyojua wengi huku: mfunge gizani mchana kutwa, asimzoee mgeni yeyote, mtilie pilipili kwenye ugali, akikukosea fimbo, basi atakuwa mkali. Nilimfunga nyuma ya jiko. Wewe ukitoka shule unamfungua, unakaa naye na tonge la ugali wa uwele, unamwambia “kaa,” unasubiri. Hasira yangu haikuwa mbali siku zile. Nilikuuliza nimeleta mlinzi au nimeleta mgeni wa kukaa na kukaribishwa chakula. Wewe ukamwambia mbwa “kaa” tena. Na akakaa. Nilijifanya sijaona.

Sasa mayai. Yule kuku mweusi alikuwa anataga chini ya kihenge, na mayai yakawa yanapotea, leo moja, kesho mawili. Nilikuwa nimemwahidi mtu mayai ya kuatamisha, na ahadi yangu ilikuwa inanifanya nichekwe mbele za watu. Asubuhi ile, kabla sijamfunga, nikamkuta Tutaona karibu na kihenge, analamba ganda, na kiini cha njano kimemganda puani. Sikuuliza. Ningemuuliza nani?

Nilichemsha yai mpaka maji yakawa yanarukia majivu. Nikalitoa na kijiko, nikashika gunia mkono wa pili, nikamwita. Alikuja mbio, mkia unapiga huku na huku, kwa sababu nilimwita kwa sauti nzuri. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote, mwanangu. Ningemwita kwa ukali asingekuja. Nilimwita vizuri, akaja, nikamtia yai mdomoni, nikamfumba kwa gunia.

Yaliyofuata unayajua, maana uliyasikia ukiwa njiani unarudi kutoka madrasa. Ulifika mbwa ameshakimbilia kwenye alizeti. Hukulia. Uliniangalia, ukaweka juzuu lako mahali safi, ukaingia shambani kumtafuta. Siku tatu hukunisemesha. Shikamoo ulinipa, maana ulilelewa, lakini ilikuwa shikamoo kavu na hukungoja niitikie. Ulikuwa unampelekea uji uliopoa kwenye kifuniko cha ndoo, unauweka mbali naye, unakaa umempa mgongo.

Siku ya pili, wewe ukiwa huko shambani, nilimkuta bibi yako uani anapepeta uwele. Nilipompita akaweka ungo chini. Akaniambia, “Musa, yale mayai nilichukua mimi.”

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaeleza taratibu, kwa Kinyaturu, maana mambo mazito hakuyasema kwa Kiswahili. Alikuwa anapeleka mayai kwa mwenye ugoro, anabadilishana. Asubuhi ile moja lilimponyoka pale karibu na kihenge likapasuka, na mbwa akafanya anachofanya mbwa yeyote. Bibi yako aliposikia kilio alikuwa ndani, akashindwa kutoka.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia anataka ugoro. Mimi ni mwanawe, ugoro si kitu. Akasema: “Ukirudi gulioni uso wako unakuwa umefungwa. Nakuangalia, najisemea, nitamwambia kesho. Kesho yake nakuangalia tena.”

Mama yangu mzazi, Zaituni. Aliyenibeba mgongoni toka kisimani hadi nyumbani. Alikuwa ananiogopa kiasi cha kuona heri aibe ndani ya nyumba ya mwanawe kuliko kumwomba.

Alitaka akuambie. Hili nakuomba ulishike kuliko yote kwenye barua hii. Alitaka akuite jioni ile ile akueleze, mimi ndiye nikamkataza. Nilimwambia mtoto asije akamdharau bibi yake. Nilisema ni kwa ajili yake, ila nilijua namkinga nani. Sikutaka ujue kwamba baba yako amemchoma kiumbe asiye na kosa. Kwa hiyo nikawa namnunulia ugoro kila gulio, mayai yakaacha kupotea, na wewe na kijiji kizima mkahesabu kwamba mbwa amepona wizi.

Na mimi nikaipokea ile sifa. Watu walikuja kuniuliza, nikawaeleza namna ya kulishika gunia, kama fundi. Mama mmoja wa ng’ambo ya barabara alifanya nilivyomwelekeza, na mbwa wake alitoka siku ile hakuonekana tena. Nilisikia, nikabadilisha mazungumzo.

Sasa uone ulichonifanyia bila kujua.

Tuta alirudi nyumbani siku ya nne, lakini kwako. Kwangu alikuwa akisikia pikipiki yangu anajikojolea pale pale alipo. Nilimwita, akakimbia. Nikamrushia nyama, hakuigusa mpaka niondoke. Nilianza kukasirika, unajua nilivyo, nataka nikitubu leo nisamehewe leo. Wewe na miaka yako kumi ukaniambia, “Baba, usimwite. Kaa tu.”

Nikakaa. Kila siku baada ya alasiri nakaa kwenye kigoda pale uani na makoko ya ugali mkononi, natazama pembeni, sisemi. Wapita njia walinicheka. Mzee Ntandu aliuliza kama naumwa. Misimu miwili ya alizeti ilipita kabla mbwa huyu hajala mkononi mwangu, na siku alipokula nilihisi ulimi wake kwenye kidole una sehemu imekakamaa, mahali pa lile yai. Niliingia ndani nikalia. Mama yako alidhani nimepata habari ya msiba.

Lakini kuna kitu nilikiona nikiwa nimekaa pale, ndicho ninachokushukuru hasa. Mtu akikaa kimya uani kwake kila jioni anaanza kuwaona watu wake. Nilimwona mama yako akisikia sauti yangu anashusha yake. Nilimwona bibi yako anaficha kikopo cha ugoro chini ya kanga ingawa ni mimi niliyemnunulia. Nilikuona wewe, unacheka na mbwa, nikikohoa unanyamaza. Sikuwa na mbwa mmoja anayeniogopa. Nilikuwa na nyumba nzima.

Nikaanza kusimamisha pikipiki pale njia panda kabla ya kufika. Nashuka, navuta pumzi, nasema yale ya gulioni yabaki gulioni. Siku nyingine nilisahau, na mlijua nimesahau. Ila taratibu mama yako akaanza kunibishia, akazoea, na sasa haachi. Bibi yako akaanza kuniagiza ugoro waziwazi, kisha akaanza kuulaumu, huu umechanganywa majivu, huu wa mwezi jana ulikuwa bora. Kila akiulaumu mimi nilifurahi, na hakuna aliyejua kwa nini.

Na mbwa mwenyewe, tumeishi naye raha jamani. Amekula ndala zangu tatu, zote za kushoto, sijui ya kulia ina kasoro gani. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa pale ofisi ya kijiji ulinituma nimpeleke kwa sababu ulikuwa na mtihani. Alipoiona sindano alinivuta mpaka nikapita foleni nzima kwa tumbo, na mtaalamu akauliza tumchanje nani kwanza. Uliporudi ukaniuliza kama Tuta ameumia. Mimi magoti yalikuwa yanatoka damu.

Ulimfundisha kukaa katikati ya vifaranga bila kuwagusa. Hilo nilisema haliwezekani. Ulikaa naye wiki nzima na kamba fupi, kifaranga akipita Tuta anageuza kichwa, unampa kipande cha dagaa. Mwisho vifaranga wakawa wanapanda mgongoni kwake kutafuta jua. Mwaka ule kicheche alipoingia bandani, Tuta ndiye aliyemtoa, akarudi ananuka hata wewe ukakataa kumsogelea. Biashara hii ya kuku iliyokusomesha ameilinda yeye, mbwa niliyemwita mwizi.

Unakumbuka ulivyokuwa unamtania bibi yako? Mwanamke aliyetenga kanga ya kuswalia kwenye msumari wa juu kabisa mbwa asije akaigusa, aliyekuwa na sahani ya mbwa ameifunga uzi mwekundu isichanganywe na zetu, lakini kila akila nyama anaacha mfupa wenye minofu na kusema ameshiba. Ulisema bibi anazeeka, meno yamemshinda. Meno yalikuwa mazima, mwanangu. Alikuwa anamlipa mbwa. Aliendelea hivyo mpaka tulipomzika, na wewe sasa ndiye wa kwanza kuambiwa.

Leo asubuhi mlipoondoka nilikwenda kwa Rajabu. Nilikwenda kwa miguu ili nipate muda wa kuogopa. Nilimkuta kwenye kibanda chake na wateja wawili, na pembeni mkewe ameinjika sufuria kwenye mafiga. Mbwa wake amefungwa kwenye nguzo, mdogo tu, ana masikio hayajaamua yasimame au yaanguke. Nikauliza sufuria ya nini. Rajabu akasema si ile dawa yenu, mzee, Zaituni kanielekeza.

Nikamwambia aliondoe hilo yai motoni. Akanitazama. Akasema, “Mbona kwako lilifanya kazi?”

Nikamjibu, “Halikufanya kazi. Nilimchoma mbwa asiye na kosa, na nimewadanganya watu miaka yote.”

Mteja mmoja akacheka, akidhani natania. Mwingine, mzee wa rika langu ambaye nilimpa maelekezo ya gunia kwa mdomo huu huu, aliacha kusukuma pampu akaniangalia tu. Rajabu akauliza sasa mayai alikuwa anakula nani. Nikasema si mbwa. Akauliza tena. Nikasema si mbwa, Rajabu, inatosha. Jina la mama yangu sikulitaja wala sitalitaja pale. Nimelitaja hapa kwako kwa sababu wewe ni wake, na kwa sababu alitaka ujue.

Nilimweleza njia yako wewe. Aokote mayai mapema kabla mbwa hajafunguliwa, kiota akipandishe juu, na mbwa ashibe kwanza, maana huyu wake mbavu zinahesabika. Amfundishe kuacha kitu kwa kumpa kingine kizuri zaidi. Mkewe alikuwa ameshaliondoa yai. Alimenya, akampa mtoto wao akala. Nilirudi nyumbani kifua kikiwa chepesi kuliko kilivyowahi kuwa kwa muda mrefu.

Sina ya kukufundisha kuhusu mbwa. Wanaokungoja huko watakufundisha ya kunusa na nyayo na amri. Mimi ninachokijua nimekinunua ghali na nakupa bure: mbwa akiacha kufanya kosa ghafla, usiharakishe kujisifu. Mwangalie macho. Mara nyingine hajaelewa lolote, amejifunza tu kukukwepa. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja, na kila mwaka nilioongeza maneno yalizidi kuwa mazito mdomoni.

Asante kwa kunikalisha kwenye kigoda. Asante kwa siku tatu ulizoninunia, nilizistahili na zaidi. Kama nyumba yetu leo ina kelele, kila mtu anasema analotaka na mama yako ananikatisha katikati ya sentensi, kelele hizo umeleta wewe, na kuanzia kesho nitazisikia zimepungua.

Nimebakiwa na moja. Nilipoanza kuandika nilipanga kuikunja barua hii na kuitia ndani ya begi lako, chini kabisa, uikute ukiwa umefika mbali na mimi niko salama huku. Nimeona huo ni ujanja ule ule wa miaka minane. Nasikia mnapiga hodi kwa Mzee Ntandu, mmesharudi. Nakupa mkononi. Kaa hapa uani, soma mbele yangu mpaka mwisho, kisha niambie lolote ulilonalo, kwa sauti yoyote unayotaka. Mimi nimekaa. Safari hii usiniogope.

Baba yako,
Musa